Mbwa hatulii: dalili, chanzo na la kufanya unapojaribu kutulia naye hapa Nairobi

Kutulia pamoja na mbwa ni jambo jepesi kulieleza. Unakaa naye au unatembea naye dakika chache, simu ikiwa mbali, ukisikiliza pumzi yako na yake. Akili ikikimbilia kodi ya nyumba au foleni ya barabara ya Mombasa, unairudisha taratibu pale mlipo. Basi. Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo yake ya kupunguza msongo katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, wagonjwa wake walifundishwa kukaa kimya, lakini pia kutembea kwa makini na kuukagua mwili kiungo kwa kiungo. Namtaja kwa sababu wengi wetu tunaanza na picha moja tu kichwani, ya mtu aliyekunja miguu na kufumba macho, kisha tunashangaa mbwa anapokataa kuingia kwenye picha hiyo.

Mimi naishi South B, ghorofa ya pili, na Shaba, mbwa koko jike mwenye rangi ya jina lake. Tumefanya hivi kwa miaka minne. Matatizo ninayoyaeleza hapa ama yametukuta sisi wawili, ama yamewakuta majirani wanaonisimamisha kwenye ngazi kuniuliza. Mara nyingi nimekuta chanzo ni kilekile: mtu anautafuta utulivu wake kwa bidii hadi hamwoni tena mbwa aliye mbele yake. Ndiyo maana kila tatizo hapa linaanzia kwa mbwa.

Kabla ya yote, mkague mwili

Dalili ya mvua ni mawingu, na mbwa huonyesha mawingu yake mapema. Jiulize kama ameenda haja, amekula lini, na amelala kiasi gani. Mbwa mzima huhitaji saa 12 hadi 14 za usingizi kwa siku, na mtoto wa mbwa hufika 18 hata 20. Mtoto anayeng'ata vidole vyako na kurukia pazia jioni mara nyingi ni mtoto aliyechoka kupita kiasi, kama mtoto wa binadamu anavyolia kwa kukosa usingizi. Huyo hahitaji mazoezi. Mpe chumba chenye giza alale.

Jifunze pia kuhesabu pumzi zake. Akiwa amelala usingizi mzito, tazama ubavu ukipanda na kushuka kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Mbwa mwenye afya akilala huwa chini ya pumzi 30 kwa dakika. Ukipata zaidi ya hizo siku baada ya siku, mpeleke kwa daktari wa mifugo, maana moyo au mapafu huenda yana shida. Kwangu kuhesabu huku kumekuwa zoezi lenyewe. Hakuna kitu kinachonituliza haraka kama kuufuata ubavu wa Shaba ukipanda na kushuka.

Hakai hata dakika moja

Hii ndiyo inayowakatisha watu tamaa wiki ya kwanza. Unaketi sakafuni saa 12 asubuhi, unafumba macho, na mbwa anaanza kuzunguka. Anakunusa sikio, anakwenda mlangoni, anarudi. Shaba alikuwa ananiletea slipa. Namrudishia, ananiletea ya pili.

Chanzo cha kawaida kwa sisi tunaoishi kwenye fleti ni kibofu. Mbwa wa kwenye uwanja hutoka akitaka. Wa ghorofani anakusubiri wewe tangu saa 4 usiku. Mteremshe kwanza, akojoe, anuse kidogo, ndipo mrudi kukaa. Kwa Shaba badiliko hilo peke yake lilimaliza nusu ya tatizo.

Kama bado anahangaika, angalia ngozi. Tenganisha manyoya juu ya kiuno karibu na mkia. Ukiona chembe nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, ziweke juu ya karatasi ya chooni iliyoloweshwa maji. Zikitoa rangi ya wekundu wa kahawia, ni kinyesi cha viroboto, na rangi hiyo ni damu yake. Mbwa anayeumwa na viroboto hawezi kutulia, nawe usingeweza. Nusa na masikio. Sikio lenye harufu kali, au mbwa anayetikisa kichwa kila baada ya muda mfupi, anahitaji dawa.

Mbwa mzee anayelala, anainuka, anazunguka na kulala tena huenda anaumwa viungo. Mbwa wengi wa aina ya German Shepherd, ambao mji huu unawapenda sana, huwa na nyonga zenye matatizo. Vigae vya nyumba zetu ni baridi na vinateleza, hasa kuanzia Juni hadi Agosti. Tandika blanketi kuukuu lililokunjwa mara mbili, au gunia safi, uone kama atakaa.

Ukishaondoa hayo yote, kinachobaki mara nyingi ni kwamba umeomba mengi mno. Dakika 20 ni nyingi hata kwako. Anza na mbili. Na usimwamuru akae. Keti wewe, uwe na vipande vidogo vya chakula mfukoni, kisha ngoja. Akijilaza mwenyewe, weka kipande kimoja polepole katikati ya miguu yake ya mbele bila kusema neno. Akiweka kidevu chini, weka kingine. Usimsifu kwa sauti, kwa kuwa sifa humwinua. Baada ya wiki moja au mbili ataanza kujilaza mara tu akikuona umeketi mahali pale, kwenye blanketi lile. Hapo ndipo uongeze dakika ya tatu.

Anapiga miayo, analamba midomo, anageuza uso

Watu wengi huiona miayo wakafurahi: amelegea, anasinzia. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mbwa anayepiga miayo asubuhi akiwa ametoka kulala, akalamba pua ilhali hakuna chakula, akageuza kichwa pembeni huku weupe wa macho ukionekana, huyo anakuomba umpe nafasi. Turid Rugaas, mkufunzi wa mbwa kutoka Norwei, ndiye aliyezifanya ishara hizi zijulikane sana. Anaziita ishara za kutuliza, kwa maana mbwa huzitumia kupoza hali inayomtia wasiwasi.

Tazama ulivyokaa. Umemkabili uso kwa uso? Umemwinamia? Umemkumbatia shingoni? Kwetu sisi kumbatio ni upendo. Kwa mbwa wengi ni kufungwa. Geuka umpe ubavu, tazama sakafu mbele yako, na mikono uiache mapajani. Ukitaka kumgusa, anzia kifuani au begani, wala si juu ya kichwa. Mpapase kwa hesabu ya tatu, kisha acha. Akikusogelea au akakusukuma mkono kwa pua, endelea. Akibaki alivyo, au akajikung'uta, umejibiwa.

Mtu huniambia, lakini nimesoma kwamba kutazamana na mbwa machoni huleta upendo. Ni kweli, na utafiti wenyewe nauamini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu, Japani, walionyesha mwaka 2015 kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana kwa muda mrefu, oksitosini, homoni inayohusishwa na upendo, hupanda kwa wote wawili. Walipojaribu na mbwamwitu waliolelewa na watu, hawakupata hilo. Lakini wale walikuwa mbwa na watu wao, na mbwa walitazama kwa hiari yao. Kumkodolea macho mbwa uliyemchukua juzi, ambaye bado hajakujua, kwake ni tishio. Ngoja akutazame yeye.

Matembezi yanaisha kwa hasira

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mbwa wengi wa Nairobi wanapoweza kutulia, na ndipo wengi wetu tunapowanyima nafasi.

Dalili unazijua. Mmetoka getini, mbwa anavuta kamba, wewe unamvuta nyuma, kila nguzo ya stima anasimama, unamwambia twende, twende, na mnarudi nyumbani nyote mmechoka kwa ubishi. Ulitaka matembezi ya kutuliza moyo.

Sababu ni kwamba mmetoka kufanya mambo mawili tofauti. Wewe umetoka kutembea, yeye ametoka kunusa. Pua ya mbwa inakadiriwa kuwa na chembe zaidi ya milioni 200 za kupokea harufu. Yetu ina kama milioni 5 au 6. Nguzo ile unayoiona kama nguzo, kwake ni kijiwe. Pale anajua nani amepita asubuhi, kama ni dume au jike, kama ni mgonjwa, kama ni mgeni mtaani. Ukimng'oa kila anapoinamisha kichwa, ni kama mtu anayekupokonya gazeti kila unapofikia mstari wa pili. Na kunusa kwenyewe humpoza. Ukimwangalia vizuri utaona mkia ukishuka na mwendo ukilegea.

Kwa hiyo geuza zoezi. Chukua kamba ya mita tatu badala ya ile fupi, na mvalishe mkanda wa kifuani, usimfunge shingoni tu, ili akivuta asijikabe. Chagua njia fupi. Mimi na Shaba tunatumia dakika 25 kwenye njia ambayo mtu angeimaliza kwa dakika saba. Akisimama kunusa, nami nasimama. Nahisi nyayo zangu chini. Navuta pumzi, naitoa. Sijui atamaliza lini, na kutojua huko ndiko kunakonifundisha kungoja. Akiinua kichwa, tunakwenda. Kamba ikikaza, nasimama bila kuvuta, ikilegea tunaendelea. Wiki ya kwanza hatukufika hata kioski cha pili.

Mahali nako ni dawa. Msitu wa Karura unaruhusu mbwa mradi wawe kwenye kamba, na wenye mbwa tunapaswa kuiheshimu kamba hiyo, kwa sababu mle ndani kuna kima na wanyama wadogo kama nsya ambao hawakuja kukimbizwa na mbwa wetu. Msitu ule wa hekta zaidi ya 1,000 tunao leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walisimama mbele ya walionyakua ardhi mwishoni mwa miaka ya 1990. Nikipita chini ya miti ile na Shaba asubuhi ya katikati ya wiki, kabla watu hawajajaa, huwa namshukuru kimoyomoyo. Kima wakitokea, usingoje mbwa aanze kuruka. Geuka mwende upande mwingine angali anakusikia. Mbwa aliyekwisha kubweka huwezi kumtuliza kwa pumzi, mwondoe kwanza.

Wasio na nafasi ya kufika Karura wachague saa. Saa 11 na nusu alfajiri mitaa yetu huwa na wafagiaji, watu wachache wanaowahi kazi, na kwarara wanaopiga kelele juu ya paa. Kufikia saa 1 bodaboda zimeshapanda njia ya miguu, na zoezi limekwisha. Januari na Februari usimtoe mchana. Weka nyuma ya kiganja chako juu ya lami, uhesabu hadi saba. Usipoweza kustahimili, nyayo zake nazo haziwezi.

Kuna chanzo kingine cha matembezi kuharibika ambacho watu hawakitaji: binadamu wenzetu. Wengi mjini wanaogopa mbwa, na wana haki, maana mbwa waliowahi kukutana nao walikuwa wa kuuma. Huku kwetu South B na South C pia tuna majirani wengi Waislamu. Mtu aliyetawadha akielekea msikitini hataki mate ya mbwa yamguse, kwani yatamtia najisi. Nikimwona mtu anapunguza mwendo, nafupisha kamba, nampeleka Shaba upande wa ukuta, na nasalimia kwanza. Mzee mmoja ambaye zamani alikuwa akivuka barabara akituona, siku hizi husimama mbali na kuniuliza, "Mama, leo mmeamkaje, wewe na huyo wako?" Wasiwasi wa watu ukipungua, wa mbwa hupungua pia, na wako vilevile.

Ametulia, kisha kelele

Honi ya matatu, spika za kanisa Jumapili, kengele ya gari inayolia bila mwenyewe, kunguru kwenye mabati. Mbwa anaruka na zoezi linavunjika. Kumbuka kwamba yeye husikia sauti za hadi hezi 45,000 hivi, sisi tunaishia 20,000, hivyo hata kile unachokiona ni ukimya huenda kwake si ukimya.

Kwa kelele za kila siku, zifanye ziwe sehemu ya zoezi. Honi ikilia, usishtuke, usimwambie nyamaza. Toa pumzi ndefu na uweke kipande cha chakula chini. Honi, pumzi, chakula. Baada ya siku kadhaa honi ikilia atakutazama wewe badala ya kukimbilia dirishani. Anza kwenye chumba kilicho mbali na barabara, ndipo usogee.

Radi na fataki ni jambo tofauti. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, wakati wa Diwali kule Parklands na Westlands, na radi za mvua za Machi hadi Mei, usijaribu kufanya zoezi lolote. Funga madirisha, teremsha mapazia, washa redio kwa sauti ya chini, na mwache ajifiche anapotaka, hata kama ni bafuni nyuma ya ndoo. Kaa karibu naye. Wapo wanaosema ukimbembeleza mbwa mwenye hofu unaizidisha hofu. Mimi sikubali, na sijawahi kuona mbwa aliyeogopa zaidi kwa kupewa ubavu wa kuegemea. Anayetetemeka kwa saa nzima, anayejikojolea au anayejiumiza akitafuta kutoroka anahitaji daktari kabla ya msimu ujao, maana dawa za kumsaidia zipo.

Mbwa ametulia, wewe ndiye huwezi

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, walipima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye nywele za watu na manyoya ya mbwa wao 58. Waligundua kwamba msongo wa muda mrefu wa mbwa hufuatana na wa mwenye mbwa. Miaka mitatu baadaye, mjini Belfast, mbwa waliofunzwa waliweza kutambua kwa kunusa tofauti kati ya jasho na pumzi ya mtu aliyetulia na za mtu huyohuyo baada ya kupewa hesabu ngumu za kumtia presha. Kwa hiyo hata ukikaa wima kama nguzo na kufumba macho, mbwa wako ana habari zako.

Usimtumie kama taulo la kujifutia hasira. Ukifika nyumbani umetoka kugombana kazini, usimwite aje akutulize. Zunguka jengo mara mbili peke yako. Kunywa maji. Toa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, vuta kwa nne, toa kwa sita, mara kumi. Ndipo ufungue mlango. Na simu iache chumba kingine, kwani hata ikiwa kimya, utaungoja ujumbe wa M-Pesa, na mbwa ataona macho yako yakiifuata meza.

Anaondoka katikati ya zoezi

Mwache aondoke. Mlango uwe wazi siku zote, asije akaona kukaa nawe ni kifungo. Atarudi.

Akiondoka kila mara, nusa chumba. Udi, mishumaa ya manukato na dawa ya mbu ya kuchoma ni nzito kwa pua kama ile. Mafuta ya mti wa chai ni sumu kwa mbwa, usiyapake wala kuyaweka kwenye kifaa cha kufukiza akiwa ndani.

Mbwa wa getini asiyezoea kushikwa

Karibu kila mtaa una kibao cha "Mbwa Kali" getini, na nyuma yake mbwa anayefungiwa kwenye kibanda tangu asubuhi, akafunguliwa usiku kulinda. Wenye mbwa hawa huniuliza kama wanaweza kuanza zoezi hili. Nawajibu wanaweza, lakini kwanza waangalie kibanda. Mbwa anayeshinda saa 12 kwenye nafasi asiyoweza hata kujigeuza, akiona watu wakati wa kupelekewa sahani tu, hajawahi kufundishwa kwamba mtu anaweza kuwa karibu bila jambo kutokea. Naliona hilo ni jambo la kuumiza, na nawaambia hivyo.

Anza nje ya kibanda. Weka kiti kidogo umbali ambao habweki, mpe ubavu, ukae dakika tano, kisha uondoke bila kumgusa wala kumsemesha. Saa ileile kila siku. Mlete na yule anayemlisha, ambaye mara nyingi ni soja au mfanyakazi wa nyumbani, kwa kuwa mbwa anamwamini yeye kuliko wewe mwenye hati ya kumnunua. Sogeza kiti nusu hatua kila baada ya siku mbili tatu. Yeye ndiye atakayekuja kwenye wavu. Soja wa jengo la jirani alianza hivi na dume moja la Rottweiler mwaka jana, na baada ya miezi miwili akaniambia, "Auntie, siku hizi analala nikiwa hapa. Zamani hakuwa anafumba macho." Hofu ya kwamba ulinzi utaharibika haina msingi. Mgeni akigusa geti, dume lile bado hubweka hadi barabarani.

Akinguruma, rudi nyuma, wala usimpige. Mngurumo ni onyo, na mbwa aliyepigwa kwa kuonya hujifunza kuuma bila onyo. Mbwa anayebadilika ghafla, akawa mkali bila sababu, akatokwa mate mengi au akashindwa kumeza, usimkaribie kabisa. Piga simu kwa daktari wa mifugo. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa ni ya kila mwaka. Iwe imekamilika kabla hujaanza zoezi lolote.

Ametulia mno

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyokaribia kuniondolea Shaba.

Ilikuwa Mei, mvua zinaelekea kuisha. Kwa siku tatu mfululizo Shaba alijilaza kwenye blanketi mara tu nilipoketi, akaweka kidevu chini, na hakuinuka hadi nilipomaliza. Dakika 20 nzima. Hakuleta slipa. Nilifurahi mno, nikamweleza dada yangu kwenye simu kwamba hatimaye tumefika. Siku ya nne, soja wetu alimwona akishuka ngazi, akasema, "Mama, huyu leo ana nini? Mbona anatembea kama mzee?"

Nilimwinua mdomo wa juu. Ufizi wake, ambao siku zote ni wa waridi, ulikuwa na rangi ya karatasi. Nilipoubonyeza kwa kidole na kuachia, rangi ilichelewa kurudi. Inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili. Kwa daktari, kipimajoto kilisoma 40.3, na joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38.3 na 39.2. Ndani ya sikio la kushoto, kwenye mkunjo nisioutazama, kulikuwa na kupe wawili walionona. Kipimo cha damu kilionyesha ugonjwa wa kupe. Alipewa dawa ya doksisaiklini ya wiki nne.

Kwa hiyo utulivu unapokuja ghafla, upime. Mbwa aliyetulia kwa afya huinuka ukimwita, hula, hujinyoosha, masikio yake hufuata sauti hata macho yakiwa yamefumba. Aliyezimika na ugonjwa hukuacha umguse popote bila kujali, huacha chakula, na husitasita mbele ya ngazi. Ufizi mweupe, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, damu puani: usingoje kesho.

Kupe mtafute kila siku wakati wa mvua, nawe uufanye ukaguzi huo uwe ndio mwanzo wa zoezi. Anza masikioni, teremka shingoni chini ya mkanda, makwapani, kisha katikati ya vidole vya miguu, polepole, mkono mmoja ukibaki juu ya bega lake. Ukimpata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute moja kwa moja. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti.

Wakati wa dawa sikumwomba Shaba chochote. Niliketi sakafuni saa ileile, yeye akiwa amelala alipotaka, nikahesabu pumzi zake. Siku ya kumi na moja, nikiwa nimefumba macho, kitu chenye unyevu kiliniangukia mapajani. Ilikuwa slipa.